Redio bila matangazo inawezekana, ila hela itoke kwa msikilizaji

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua mnapenda barua fupi na hii ni ndefu, mkichoka kateni mnapotaka ila msikate sehemu ya hela maana ndo iliyonifanya niandike.

Ni kuhusu yule msomaji wenu aliyesema redio ya kupiga taarab asilia na dansi la zamani peke yake, bila matangazo ya biashara, haiwezi kumaliza mwaka. Hoja yake ilikuwa kwamba muziki wa watu wazima hauna mteja, kampuni za bia na za simu na za kubeti haziwezi kuweka hela mahali ambapo vijana hawapo, kwaiyo tuache kulia lia, tukubali singeli asubuhi, mchana na jioni. Sina ugomvi na singeli. Ila mi naishi North Carolina huku Marekani na karibu kila siku nasikiliza redio ya namna hiyo hiyo anayosema haiwezekani, iko hewani tangu Julai 1978, haiuzi tangazo hata la sabuni, na muziki inaopiga ni wa kizamani kuliko taarab yoyote mnayoijua, Bach, mtunzi wa Kijerumani, kafa 1750 na bado anapigwa asubuhi watu wakinywa kahawa.

Inaitwa WCPE, masafa yake ni 89.7 FM, iko Wake Forest, kaskazini ya Raleigh. Usisikie mji ukadhani maghorofa, hapana. Ni vitongoji vya watu wa kazi, nyumba zinafanana mpaka mgeni anapotea, kila nyumba na garaji yake na majani yaliyokatwa, hakuna daladala, bila gari huendi popote hata kununua chumvi. Zamani kilikuwepo chuo kikuu, kikahamia Winston-Salem mwaka 1956 kikaondoka na jina la mji mpaka leo, mtu akikwambia anasoma Wake Forest jua hayupo Wake Forest. Mwaka 2000 hapa palikuwa na watu kama 12,000 tu, sensa ya 2020 ikakuta wamepita 47,000. Wengi wamefuata ajira za Raleigh na zile za Research Triangle Park, kwenye makampuni ya dawa na kompyuta, wakakuta nyumba mjini bei haishikiki wakasogea nje. Asubuhi barabara ya Capital Boulevard inafurika magari kwenda mjini na jioni inafurika kurudi, na kila gari lina mtu mmoja ndani na redio moja. Mteja wa redio ndo huyo. Msomaji wenu anadhani redio ya muziki mkubwa lazima iwe ya katikati ya jiji kwa mabwana wa kwenda ukumbini na tai, kumbe hii imeota huku pembeni ambako hakuna ukumbi wa maana, na pengine ndo sababu imeota huku.

Wanapiga klasiki, yani muziki wa okestra wa kizungu wa zamani, saa 24. Mtangazaji anataja jina la kibao, aliyetunga, okestra na anayeiongoza, anaweka muziki, ananyamaza. Hacheki na mwenzake nusu saa, hapigi king'ora. Jumapili asubuhi ni kwaya na misa na muziki wa dini, Alhamisi usiku wanaweka opera, yani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, nzima mwanzo mwisho, Ijumaa ni maombi ya wasikilizaji. Nguvu ya mitambo ni kilowati 100, kwaiyo hawaishii Wake Forest, wanafunika Raleigh, Durham, Chapel Hill na mashamba ya pande zote, na kuna redio ndogo ndogo za majimbo mengine zinachukua matangazo yao bure na kuyarusha kwa watu wao.

Kazi yangu ni kulea wazee majumbani mwao, kazi ambayo sie wa Afrika Mashariki tumejaa kweli huku, Wakenya, Watanzania, na Wakongo waliokuja kama wakimbizi. Kuna nyumba moja ninayokwenda, bibi ana redio jikoni juu ya friji, na kile kirungu cha kutafutia stesheni amekibandika plasta ya kidonda ili mtu asije akakisogeza kutoka 89.7. Plasta imeshakuwa nyeusi kwa mvuke wa mafuta. Ukitaka mpira sikiliza kwenye simu yako, ile redio haiguswi. Watangazaji anawajua kwa sauti mmoja mmoja, siku akisikia sauti ngeni ananiuliza huyu nani, kana kwamba nimemwajiri mimi. Na kila mwezi benki inamkata hela kidogo inakwenda kule, yeye mwenyewe ndo aliyejaza fomu. Hiyo hela ndo nataka tuizungumze.

Kwanza sheria. Huku sehemu ya chini ya FM, kuanzia 88 mpaka karibu 92, imetengwa kwa redio zisizo za biashara, mwenye hela hata aje na gunia hapewi masafa pale kuuza soda. Mwenye WCPE ni shirika lisilogawana faida, linaitwa Educational Information Corporation, lilianzishwa kwa ajili hiyo. Tume ya mawasiliano, FCC, inaruhusu redio kama hiyo kutaja aliyeichangia lakini kwa masharti ambayo ukiyasikia utacheka. Unaweza kusema kipindi hiki kimesaidiwa na duka fulani la vitanda lililoko mtaa fulani, basi. Huwezi kusema vitanda vyao ni bora kuliko vya jirani, huwezi kutaja bei, huwezi kusema "wahi leo", huwezi kumwambia msikilizaji aende. Hebu wachukulie watangazaji wetu wa Dar uwape hilo sharti wiki moja, wangebaki na nini cha kusema?

Kwaiyo hela inatoka kwa wasikilizaji. Mara mbili tatu kwa mwaka muziki unakatwa katwa, watangazaji wawili wanakaa kwenye maiki wanaomba, kuna watu wa kujitolea wanapokea simu, kuna tajiri kaahidi kwamba mkifikisha kiasi fulani kabla ya saa sita na yeye anaweka kiasi hicho hicho, kuna zawadi ya kikombe au sidii. Mi siku hizo sizipendi, zinachosha, unasikia nusu ya Vivaldi halafu namba ya simu halafu nusu nyingine. Bibi naye hapendi, anapunguza sauti, lakini plasta haibandui. Na watu wanatoa. Wengi wanatoa kidogo kila mwezi na wachache wanatoa nyingi, na wapo wanaoandika kwenye wosia kwamba wakifa redio ipate kitu. Hapo tuseme ukweli, sheria ya kodi ya huku inasaidia, ukichangia shirika la namna hii unaweza kupata nafuu kwenye kodi yako, kwetu mtu wa kawaida hana hiyo. Na jambo jingine ambalo msomaji wenu hakulifikiria, Bach hadai mrabaha. Mozart hadai, hana mjukuu anayekuja na wakili. Taarab na dansi zetu wenyewe wapo, wengine wazee wagonjwa, wengine watoto wao, na ukiwapiga bila kuwalipa umewaibia tena baada ya wale waliowaibia mwanzo. Redio ya zilipendwa itakuwa ghali kuliko redio ya Bach kwa hilo, lazima ihesabiwe mapema.

Sasa huyu ndugu anasema biashara ndo inayoweka redio hai. Kwa muziki wa namna hii historia ya huku inasema kinyume chake kabisa. Washington kulikuwa na redio ya biashara ya klasiki, WGMS, ina wasikilizaji wengi tu, si masikini, na bado Januari 2007 mwenyewe akaifunga, maana kwenye biashara faida ndogo nayo ni hasara kama kuna faida kubwa mlango wa pili. New York, WQXR ilikuwa mali ya gazeti la New York Times, 2009 gazeti likabanwa likauza, ikachukuliwa na redio ya wasikilizaji ya WNYC, ikahamishwa kutoka 96.3 kwenda 105.9 na tangu hapo inaishi kwa michango. San Francisco, KDFC nayo 2011 ikatoka kwenye biashara ikaingia upande wa michango. Yani klasiki ya Marekani imekimbia matangazo ikajificha kwa wasikilizaji, na ilipokimbilia ndo imepona. Matangazo yanamfuata kijana mwenye miaka ishirini na tano, hata kama mzee ana hela zaidi, wenye matangazo wana imani yao hiyo na huwezi kuwatoa.

Wala sisemi kwamba ukitoka kwenye biashara umeokoka. Hapo hapo Washington, WETA 90.9, redio isiyo ya biashara yenye studio zake Arlington, Februari 2005 iliitupa klasiki ikaweka habari na mazungumzo ikidhani itapata watu zaidi. Haikukaa miaka miwili, WGMS ilipofungwa na wao siku ile ile wakarudisha klasiki. Kwaiyo meneja wa redio ya wasikilizaji naye anaweza kuwasahau wasikilizaji, tofauti ni kwamba hawa wana namna ya kumkumbusha.

Kuhusu hela ya serikali nitapita haraka. Marekani kulikuwa na chombo cha kugawa hela ya serikali kwa redio na televisheni za umma, CPB, kiliundwa kwa sheria ya 1967. Mwaka 2025 Congress, bunge la huku, ikafuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimeshapangwa kwa miaka miwili, na Agosti CPB ikatangaza inafunga kazi. Redio nyingi za umma zimetikisika, hasa zile za vijijini. WCPE haikutikisika kwa hilo, siku zote walikataa hela ya serikali wakisema wataishi kwa wasikilizaji tu. Nilipokuwa mgeni huku niliona hayo ni maringo. Ila mtu unakataaje hela ya bure? Basi, yametokea hayo.

Msomaji wenu akinijibu najua atakakopiga, atasema anayetoa hela ndo anayechagua wimbo. Ni kweli, na WCPE ilionekana waziwazi mwaka 2023, kisa kikafika mpaka kwenye magazeti makubwa.

Kuna nyumba ya opera New York, Metropolitan Opera, ambayo tangu Desemba 1931 inarusha maonyesho yake redioni, Jumamosi mchana, nchi nzima. Wazee wa huku wamekua nayo kama wazee wetu walivyokua na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. WCPE inayachukua. Sasa mwishoni mwa Agosti 2023 meneja mkuu Deborah Proctor, ambaye ni mmoja wa walioianzisha redio hiyo, akaandika barua kwa wasikilizaji wanaochangia, akasema msimu unaokuja kuna opera mpya kadhaa hatazirusha. Moja ni ya mfungwa anayesubiri kunyongwa, akasema ina ubakaji na mauaji. Nyingine ina kujiua. Ya John Adams inayohusu kuzaliwa kwa Yesu, tatizo ni kwamba imechukua maneno nje ya Biblia. Ya Daniel Catán, Mmexico, iliyoimbwa Kihispania, akaona haiendani na aina ya muziki wa redio yake. Na kwenye orodha ilikuwepo opera ya Anthony Davis kuhusu maisha ya Malcolm X, mpigania haki za Wamarekani weusi. Huyo huyo Malcolm aliyekanyaga Dar Oktoba 1964, akaonana na Mwalimu Nyerere. Miezi michache nyuma, Aprili, walikuwa wameshaikataa opera nyingine ya mtunzi mweusi iliyogusa habari za mapenzi ya jinsia moja.

Meneja akawatumia wachangiaji na maswali, mnaonaje, mnakubaliana nami? Na kwa ile barua naamini alikuwa anafikiria watu kama bibi wa plasta, kwamba hao ndo wanaotoa, hao hawataki matusi jikoni mwao, watoto wanasikia. Hoja si ya kipumbavu, redio haina mlango wa kufunga, ikishatoka imetoka. Lakini watu wakamuuliza, opera za zamani unazipiga za nini? Tosca anamchoma mtu kisu halafu anajirusha kutoka juu ya ngome. Butterfly ni binti wa miaka kumi na tano anaolewa na baharia, anaachwa, anajiua. Kwenye Rigoletto binti anaharibiwa na mwisho yuko ndani ya gunia. Hizo zinapigwa tangu babu zetu na hakuna aliyelalamika, ukitazama vizuri ni kwa sababu zinaimbwa Kitaliano na huku hawaelewi, na kwa sababu waliotunga walishakufa wakawa watakatifu.

Kelele zikawa kubwa. Rhiannon Giddens, mwanamuziki mweusi aliyezaliwa Greensboro hapa hapa North Carolina, akaandika barua ya wazi. Huyu dada si mtu wa kupuuzwa, mwaka huo huo yeye na Michael Abels walikuwa wamepata tuzo ya Pulitzer kwa opera yao kuhusu Omar ibn Said. Hapa nitoke nje ya mada kidogo, mnisamehe, maana wasomaji wa pwani watapenda kumjua. Omar alikuwa msomi wa Kiislamu kutoka Futa Toro, Senegal ya leo, akakamatwa 1807 akauzwa Charleston, akatoroka akakamatwa tena Fayetteville, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka ninapoandikia. Mwaka 1831 akaandika maisha yake kwa mkono wake, kwa Kiarabu, akaanza na aya za sura ya Mulk. Mtu wa Unguja au Lamu aliyekaa chuoni kwa mwalimu angeweza kuisoma ile karatasi wakati bwana aliyemmiliki hawezi. Alikufa bado mtumwa. Sasa mtu aliyetunga muziki wa habari kama hiyo akikwambia redio ya jimbo lake inafungia nje hadithi za watu weusi, unakaa unasikiliza.

Wasikilizaji wakagawanyika, wapo waliomuunga mkono meneja na wapo waliosema tunasitisha michango. Mwanzoni mwa Oktoba redio ikatangaza kwamba itarusha opera zote za msimu huo. Ilichukua kama wiki tano tu tangu ile barua. Hakuna waziri aliyepiga simu, hakuna leseni iliyosimamishwa, hakuna mwenye bia aliyetishia. Ni wachangiaji na wanamuziki na magazeti. Nikilinganisha na jinsi redio zetu zinavyofungiwa na kufunguliwa, naona bora ugomvi wa namna hii, japo ulikuwa mchungu na bado kuna watu huku hawajasameheana.

Ila udhaifu niliouona ni huu, wanaotoa hela wengi ni wazee, wengi ni wazungu, na wengi wana nyumba zao. Yule Mkongo anayesafisha ofisi usiku Research Triangle na anapenda ile violini, naye yupo, namfahamu, hatoi hata senti kwaiyo haulizwi maswali. Redio ikisema "wasikilizaji wetu wanataka hivi" inasema habari za waliolipa. Hilo sijaona waliolitatua.

Sasa nyumbani. Sie watu wa kuchanga jamani, tusijifanye hatujui. Harusi ya mtoto wa mfanyakazi mwenzako unapewa kadi, unaahidi, unapigiwa simu na mweka hazina mpaka unatoa, kwa watu mia tatu wanaokula usiku mmoja na kesho yake hakuna kilichobaki isipokuwa video. Hiyo ndo ile ile mashine ya WCPE, ahadi, simu, mweka hazina, orodha. Tena sie tuna kutuma hela kwa simu ambako huku wanatuonea wivu, elfu mbili kwa mwezi inatoka bila kupanga foleni benki. Tunachokosa ni mtu kuamini kwamba elfu mbili yake haikununua tairi la mwenyekiti. Hapo ndo ningependa tuige. Shirika kama lile la WCPE lazima lijaze fomu ya mapato na matumizi kila mwaka na fomu hiyo ni ya wazi, mtu yeyote anaikuta kwenye intaneti, anaona waliingiza ngapi, wakubwa wanalipwa ngapi, umeme na mitambo vilikula ngapi. Kamati ngapi za harusi zimewahi kukutumia karatasi kama hiyo?

Na kitu cha kupiga kipo. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab, ipo Zanzibar tangu 1905. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri 1928. Kuna miaka na miaka ya kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, NUTA Jazz, Mlimani Park, Dar es Salaam Jazz, kwaya, ngoma, ambazo leo kijana anazisikia kwa bahati msibani au kwenye teksi ya mzee. Redio za jamii tunazo, Pangani wanayo, Micheweni kule Pemba wanayo, zimeonyesha kwamba watu wa mahali wanaweza kuendesha redio, ingawa nyingi zimeegemea wafadhili wa nje na mradi ukiisha zinapumua kwa shida. Mi nisingeanza na mnara wala masafa. Ningeanza na strimu ya intaneti, kompyuta moja, mtu wa kompyuta mmoja, na mzee mmoja anayejua nani alipiga gitaa la solo kwenye wimbo gani na mwaka gani, maana bila huyo mzee unabaki na playlisti tu na playlisti mtu anazo kwenye simu. Bibi wa plasta angekuwa na muziki wote huo bure kwenye intaneti, hana shida hiyo, anachangia kwa ajili ya mtu anayemwambia hiki ni nini na kimepigwa na nani. Halafu kabla ya wimbo wa kwanza ningeandikiana mkataba na wanamuziki, na kwa upande wa Bara ningeuliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hata kama malipo ni madogo, yaandikwe. Na sisi wa nje tungechanga. Tunachanga mazishi kila wiki kwenye magrupu, nina uhakika kuna watu Texas na Muscat na London ambao wangelipa kila mwezi kusikia dansi la Jumamosi likitangazwa na mtu anayejua anachosema.

Studio ziwe Goba au Kibaha, wala msihangaike na Posta. Kodi ndogo, kelele ndogo, na wasikilizaji wenyewe ndo wamehamia huko, wamo kwenye foleni ya Morogoro Road sasa hivi wakisikiliza tangazo la kubeti kwa mara ya kumi.

Huyo ndugu akitaka kuhakikisha habari za WCPE asiniamini mimi, wana strimu ya bure, aweke bando aisikilize. Opera za Metropolitan zinakuwa Jumamosi katika msimu wake, kwa kawaida saa 7 mchana ya huku, kwa hapo Dar ni saa 3 usiku wakati wa baridi yetu na saa 2 usiku tukishasogeza saa mbele mwezi wa tatu. Asishangae akikuta ni wiki ya kuomba hela, na asikate tamaa, inaisha.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Raleigh, North Carolina